Hirizi ya Chuma: Historia Fupi ya Kumshikia Mpandaji Kamba

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana na ngeli, ushairi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunawaomba watuvumilie tukipanda mlima kidogo. Katika madarasa yetu ya Kiswahili kwa wanaojiandaa kufanya kazi za utalii hapa Rubavu, liko swali ambalo limekuwa likirudi mara kwa mara: yule mtu anayebaki chini akiwa ameishika kamba ya mwenzake anayepanda mwamba, kwa Kiswahili anaitwaje? Na kile kifaa cha chuma kilichofungwa kiunoni mwake, ambacho huibana kamba mwenzake anapoanguka, tukiiteje? Kiingereza kina jibu, Kifaransa kina jibu, na wanafunzi wetu wengi wanayafahamu yote mawili. Kiswahili kinaonekana kana kwamba kimenyamaza.

Kwa maoni yetu, jina la kifaa hiki ni jambo la uhai na mauti, kwa kuwa mtu hukitumia kifaa kulingana na jina alilofundishwa. Kikiitwa kifaa "kinachojifunga chenyewe", mkono wa aliyekishika utalegea. Ili kulieleza hilo hatuna budi kurejea nyuma, hadi enzi ambapo mkono na kiuno vya binadamu ndivyo vilivyokuwa breki pekee.

Kasoko ya Nyiragongo

Tuanze na mlima tunaouona. Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, uko upande wa Kongo, lakini sisi wa Gisenyi tunaishi chini yake sawasawa na ndugu zetu wa Goma. Milipuko ya tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021 tunaikumbuka pamoja nao. Huo wa mwisho ulifuatwa na matetemeko yaliyopasua nyumba na barabara za Rubavu.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipita Rwanda, akafika Ziwa Kivu na kuupanda Nyiragongo. Ndiye huyo aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, vita ambavyo wapiganaji wake waliaminishwa kuwa maji ya dawa yangewakinga na risasi. Tunalitaja jambo hili makusudi, maana suala la kinga litarudi mbele.

Kufika ukingoni mwa Nyiragongo ni kazi ya miguu na mapafu. Kuingia ndani ya kasoko, ambayo wengine huiita kreta, ni kazi ya kamba. Kuta zake ni za wima na mawe yake ni mabovu. Unaweza kulishika jiwe likakufuata. Aliyeifanya kasoko hiyo ijulikane duniani ni Haroun Tazieff, mwanajiolojia aliyezaliwa Warsaw mwaka 1914 na aliyekuwa akifanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1948 aliingia ndani ya kasoko na kulishuhudia ziwa la lava likichemka. Alirudi tena na wenzake, zikiwemo safari za 1959 na 1972, wakiteremka karibu zaidi na ziwa hilo ili kuchukua vipimo vya gesi.

Mtu huyu alikuwa na sababu ya kuiogopa kamba kuliko moto. Mwezi Agosti 1952 alikuwa chini ya shimo la Pierre Saint-Martin, katika milima ya Pyrenees kwenye mpaka wa Ufaransa na Hispania. Shimo hilo lina kina cha zaidi ya mita 300, na wachunguzi waliteremshwa na kupandishwa kwa waya wa chuma uliovutwa na winchi. Tarehe 13 ilikuwa zamu ya Marcel Loubens kupandishwa. Alipokuwa mita chache tu juu ya mawe, kishikizo kilichouunganisha waya na mikanda yake mwilini kilifunguka, akaanguka. Alikufa baada ya saa kama 36 humo humo shimoni, na mwili wake haukutolewa nje hadi mwaka 1954. Waya ulikuwa mzima na winchi ilikuwa nzima. Kilichomwangusha ni kipande kidogo kilichokaa kati ya mtu na waya. Wanaodhani kwamba chuma hakidanganyi hawana budi kulitafakari tukio hilo kwanza.

Enzi za mkono na kiuno

Afrika Mashariki ina historia yake ya kamba, na sehemu kubwa yake imeandikwa juu ya Mlima Kenya. Kilele cha Batian kilifikiwa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Septemba 1899 na Halford Mackinder pamoja na waongozaji wawili wa kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Kilele jirani cha Nelion kilisubiri hadi Januari 1929, walipokifikia Eric Shipton na Percy Wyn Harris. Hawa wote walishikiana kamba kwa njia moja. Mmoja alipanda. Mwingine alijiegemeza mahali imara, akaizungusha kamba begani au kiunoni mwake, na kuiachia kidogo kidogo kadiri mwenzake alivyosonga. Mwenzake akianguka, mshikiaji huikaza kamba mwilini, na msuguano wa kamba na nguo ndio unaofanya kazi ya breki.

Mwanafunzi aliyekulia kijijini ataielewa kanuni hii bila ubao. Mfugaji akiwa na fahali mkorofi haishindani naye kwa misuli. Huizungusha kamba kwenye shina la mti mara moja au mbili, na mkono mmoja unatosha kumzuia mnyama mwenye nguvu mara kumi. Baharia wa jahazi hufanya vivyo hivyo kwenye kiguzo. Tofauti ni kwamba kwa mpandaji wa zamani, shina la mti lilikuwa mwili wa rafiki yake.

Kamba zenyewe hazikuaminika. Zilikuwa za nyuzi za mimea, na zilioza zikilowa. Ndiyo maana wapandaji walikuwa na sheria moja: anayetangulia haruhusiwi kuanguka. Wale Waitaliano watatu waliotoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki mwezi Januari 1943, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walikwenda na kamba za katani zilizotokana na nyavu za vitanda vyao vya kambini. Benuzzi na Balletto walijaribu Batian wakashindwa, wakapanda Lenana tarehe 6 Februari na kuisimika bendera yao, kisha wote watatu wakarejea kambini kwa hiari kukabili adhabu. Kila tunapoisoma habari hii tunajiuliza ni nani kati yao aliyekuwa na ujasiri zaidi, aliyepanda au aliyemshikia mwenzake kamba iliyotoka kitandani.

Vita vile vile vilileta nailoni. Kamba ya nailoni hunyumbuka, haiozi upesi, na humpokea mtu anayeanguka bila kumkatikia. Mwaka 1946 Wamarekani wawili, Richard Leonard na Arnold Wexler, walichapisha makala yaliyoeleza kwa hesabu na majaribio kuwa mshikiaji anatakiwa aiache kamba iteleze kidogo kabla ya kusimama, ili nguvu ya mwanguko isivunje mtu wala nanga. Mwaka 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ikatoa kamba yenye kiini ndani na ala nje, ambayo ndiyo mama wa kamba zote za kupandia za leo. Hapo mambo yakageuka. Kwa muda mrefu kamba ndiyo iliyokuwa dhaifu na mkono ndio uliokuwa imara kuliko kamba. Sasa kamba ilikuwa imara, na mkono ukabaki nyuma.

Kwamba mkono umebaki nyuma kulidhihirika tena Mlima Kenya. Tarehe 5 Septemba 1970 madaktari vijana wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wameanza kushuka kutoka Batian pale jiwe lilipong'oka na Judmaier akaanguka pamoja nalo. Oelz aliikamata kamba kwa mikono. Ilimkimbia viganjani ikamchoma nyama, lakini hatimaye ilisimama. Judmaier alikuwa amevunjika mguu vibaya, mifupa nje. Uokoaji wake ulichukua siku 9. Walishiriki wapandaji wa Kenya na waokoaji waliosafirishwa kwa ndege kutoka Innsbruck kwa juhudi za baba yake Judmaier. Rubani mmoja, Jim Hastings, alipoteza maisha helikopta yake ilipoanguka. Judmaier alipona. Oelz baadaye alipanda Everest mwaka 1978 na kuwa mtaalamu wa tiba ya maeneo ya juu. Yote hayo yalitokana na viganja viwili ambavyo havikukubali kuachia.

Mashine zinazobana

Karibu wakati huo huo Mjerumani Fritz Sticht alibuni kisahani chenye matundu ya kupitishia kamba. Kamba ikipita tunduni na kuzunguka karabina, yaani kile kipete cha chuma chenye mlango, hupinda pembe kali. Mshikiaji akiuvuta chini upande wake wa kamba, pembe inazidi na msuguano unaongezeka mara nyingi. Mswisi Werner Munter naye aliieneza njia ya kufunga fundo maalumu juu ya karabina tupu, fundo ambalo hubana bila kifaa kingine chochote. Tunashauri kila mwongozaji alijue fundo hilo, maana kifaa hudondoka mlimani na fundo haliwezi kudondoka. Baadaye vikaja vifaa vya umbo la kikombe, na kimojawapo kutoka kampuni ya Black Diamond kimepewa jina linalofupishwa ATC, yaani kidhibiti safari za ndege. Wapanda milima nao wana utani wao.

Vyote hivyo vilikuwa na kasoro moja. Mshikiaji akipigwa na jiwe, akizimia, akisinzia au akishtuka na kuachia, hapana breki.

Suluhisho lilitoka kwa watu wa mapangoni. Fernand Petzl, fundi na mchunguzi wa mapango wa karibu na Grenoble nchini Ufaransa, alikuwa ameanza kutengeneza vifaa vya kushukia mashimo. Kimojawapo kilikuwa na mpini: ukiubana unateremka, ukiuachia unasimama. Mwaka 1991 kampuni ya Petzl ikatoa kifaa cha wapanda miamba kilichofuata njia hiyo ya kufikiri, kikiitwa Grigri. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachozunguka. Kamba ikipita polepole, kipande hutulia na kamba huteleza kando yake. Kamba ikivutwa kwa ghafla na upande wa mpandaji, msuguano hukizungusha kipande nacho huikandamiza kamba kwenye ukuta wa kifaa. Dereva aliyeuzoea mkanda wa gari ameshauona mfano unaokaribiana na huo: ukiuvuta taratibu unakuja, ukiuvuta kwa nguvu unagoma.

Sasa tulitazame jina. Grigri ni neno lenye asili ya Afrika Magharibi lililoingia katika Kifaransa zamani. Maana yake ni hirizi: kile kifuko kidogo cha ngozi kinachovaliwa shingoni, mkononi au kiunoni ili kumkinga mtu na mabaya, aghalabu kikiwa na maandishi matakatifu ndani. Wenzetu wa pwani wanaifahamu vyema, na Wanyarwanda wanayo impigi. Kiswahili kimelipata neno hirizi kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kuhifadhi na kulinda. Hivyo Mfaransa aliyetafuta jina la kifaa chake kipya alilichota Afrika, akakiuza kwa ulimwengu mzima, na leo kinaturudia kikiwa kigeni, huku sisi tukiulizana Kiswahili chake ni nini. Kwa tafsiri ya neno kwa neno, Kiswahili chake ni hirizi.

Sisi hatulitaki jina hilo liingie katika istilahi, ingawa tumelitumia kupambia kichwa cha makala haya. Hirizi huvaliwa ikasahauliwa. Mwenye hirizi hana kazi ya kufanya. Kazi ni ya hirizi. Hapo ndipo hatari ilipo. Kwa miaka mingi wapandaji wa lugha nyingi walikiita kifaa hiki na ndugu zake "cha kujifunga chenyewe", na wengi wakaamini kuwa mkono unaweza kuiachia kamba. Wataalamu walilazimika kuwarudisha watu nyuma. Kiwango cha Ulaya kilichotolewa mwaka 2012 kwa namba EN 15151 kimevigawa vifaa hivi mafungu mawili, na fungu la kwanza limepewa jina linaloeleza breki inayofunga kwa kusaidiwa na mkono. Jina hilo linafaa kusomwa mara mbili. Kilichosaidiwa ni kifaa, na msaidizi ni mkono.

Kuchagua na kutumia

Wanafunzi wanaotarajia kuongoza wageni wametuomba pia tueleze namna ya kuchagua. Hatuuzi bidhaa, kwa hiyo tutaeleza aina. Aina ya kwanza ni ile ya Grigri, yenye kipande kinachozunguka. Hubana kwa uhakika mkubwa na humteremsha mtu taratibu kwa mpini, lakini ni ghali, ni nzito (Grigri iliyotolewa mwaka 2019 ina gramu 175) na hupokea kamba moja tu, kwa hiyo haifai pale mtu anapotaka kushuka kwa kamba mbili zilizopitishwa sambamba. Aina ya pili haina kipande kinachosogea. Umbo la kifaa limechongwa kiasi kwamba mwanguko huivuta karabina hadi pembeni, nayo ikaibana kamba. Mega Jul ya Edelrid, Smart ya Mammut na ATC Pilot ya Black Diamond ni za fungu hili. Ni nyepesi, ni za bei nafuu, na baadhi yake, kama Mega Jul, hupokea kamba mbili. Hata hivyo nguvu ya kubana hutegemea sana karabina iliyotumika na unene wa kamba, na kumteremsha mtu bila kumrusharusha kunahitaji mazoezi.

Unene wa kamba ndio jambo linalosahauliwa zaidi. Grigri ya kwanza ilikusudiwa kamba nene, za milimita 10 hadi 11. Ile ya 2011 ilikubali kuanzia milimita 8.9, na ya 2019 kuanzia 8.5. Mtu akiachiwa kifaa cha zamani na mgeni anayerejea kwao, kisha akakitumia na kamba nyembamba ya kisasa, anaweza kujikuta na breki isiyoshika. Unene wa kamba huandikwa kwenye ncha zake, na kile ambacho kifaa kinakubali huchongwa kwenye kifaa chenyewe. Asome vyote viwili.

Kwa nchi yetu ya volkano tungeongeza suala la vumbi. Changarawe laini za lava hung'ang'ania kamba, na kamba iliyojaa changarawe hufanya kazi ya msasa ndani ya kifaa. Kamba yenye matope au iliyolowa nayo hubadilisha namna breki inavyoshika. Kwa hali kama hiyo wengine wangependelea kifaa kisicho na kipande kinachosogea, nasi tunaona wana hoja, ilimradi wanakijua vyema.

Makosa yenyewe ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kuipitisha kamba kinyumenyume. Grigri imechorwa mpandaji upande mmoja na mkono upande wa pili, lakini watu huzungumza huku wakifunga. Dawa yake ni kuuvuta kwa ghafla upande wa mpandaji kabla hajaondoka chini, na kuona kama kifaa kimebana. La pili ni kukizuia kile kipande kwa kidole gumba ili kuachia kamba haraka. Jambo hilo linaruhusiwa kwa sekunde moja, mkono wa breki ukiwa bado umeishika kamba; mtu akianguka wakati kidole bado kimekandamiza, breki haipo. La tatu ni la wakati wa kuteremsha. Mshikiaji aliyepata hofu huuvuta mpini zaidi badala ya kuuachia, kwa sababu mwili wa binadamu ukiogopa hukamata. Toleo la Grigri+ la mwaka 2017 liliwekewa kinga ya kosa hilo: mpini ukivutwa kupita kiasi, kifaa kinasimama. La nne halihusu kifaa kabisa. Kamba ikiwa fupi kuliko ukuta, ncha yake hupita katika breki na kumwachia mtu hewani. Fundo moja kwenye ncha ya kamba linatosha kulizuia, na hakuna mashine iliyobuniwa ya kulishinda fundo hilo.

Maneno yetu

Turudi darasani. Waingereza walipotafuta neno la kazi hii waliliazima kwa mabaharia wao, ambao hulitumia kwa kuzungusha kamba kwenye kiguzo cha merikebu. Wafaransa husema kumhakikishia mtu, Wajerumani husema kumsalimisha. Mabaharia wetu nao wana hazina: tanga hutwekwa na kutuliwa, na kamba hupita katika kapi au roda. Tulipendelea kwa muda neno kapi, lakini linakwenda kinyume. Kapi huirahisishia kamba kupita. Kifaa hiki kazi yake ni kuigomea.

Kwa kitendo chenyewe tunapendekeza kumshikia mtu kamba, au kwa kifupi kumshikia, na mtendaji awe mshikiaji. Walimu wenzetu wataona kwa nini. Kauli ya kutendea inamleta mtu wa pili katika kitenzi: kushika kunahusu kamba, kumshikia kunamhusu mtu aliye juu. Kwa kifaa tunapendekeza breki saidizi ya kamba. Neno breki limeshaenea hadi kwa waendesha baiskeli wa vijijini, na saidizi linabakiza nafasi ya mkono. Tunayakataa majina yote yenye kiambishi -ji-, kama kinachojifunga au kinachojibana, kwa kuwa kiambishi hicho humwondoa mtu kwenye tendo. Katika mofolojia hilo ni jambo la kawaida. Kwenye ukuta wa mita 30 ni jambo jingine.

Zimebaki amri, na hapa lugha yetu ina mitego ambayo kamusi haiwezi kutuonya. Shika na shuka zinatofautiana kwa irabu moja, na maana zake ni kinyume kabisa. Kwenye upepo irabu ndiyo ya kwanza kupotea. Neno acha ni baya zaidi, kwani lina maana ya simamisha unachofanya na pia ya achilia ulichoshika. Mpandaji anayeteremshwa haraka mno akipiga kelele "Acha!", mshikiaji ana njia mbili za kumtii, na moja inaua. Hapa mpakani tuna mtego wa tatu. Mswahili akisema "Koma!" anataka mtu asimame. Mnyarwanda akisikia kitu kinachofanana na "Komeza!" ataendelea na alichokuwa akifanya, maana kwa Kinyarwanda ndiyo maana yake. Tena Kiswahili cha Goma hulitumia kamata kwa mambo mengi ambayo wa pwani wangetumia chukua au shika, kwa hiyo mgeni wa Mombasa na mwongozaji wa Goma wapatane kabla ya kufunga mikanda.

Katika madarasa yetu tumeanza kutumia amri nne tu, zilizochaguliwa kwa kuwa hazifanani kwa sauti: kaza, legeza, niteremshe, simama. Kila amri hutanguliwa na jina la mshikiaji, kwa sababu ukutani huwa na kamba nyingi na kila mshikiaji ana masikio. Shika, shuka, acha na koma tumezipiga marufuku kwenye mwamba, japo wanafunzi huzisahau marufuku hizo kila wanapochoka.

Kabla ya yote hayo, mpandaji akiwa bado amesimama ardhini, mshikiaji huikagua kamba, hukagua fundo la mwenzake, huuvuta upande wa mpandaji kwa ghafla kujaribu breki, kisha hutamka "Nimekushikia." Mpandaji asiposikia neno hilo haondoki chini.